Unga wa Vitu Saba

Unga wa Kalekye ulikuwa na vitu saba, na alivihesabu kwa vidole kila alipoulizwa, na mara nyingi hata asipoulizwa. Wimbi, mtama, mahindi, soya, simsim, njugu karanga na omena, wale dagaa wadogo waliokaushwa. Wimbi kwa damu, alisema, mtama kwa nguvu, omena kwa mifupa. Na hivyo vinne vingine navyo vilikuwa na kazi zao, ambazo angekueleza zote mpaka uji wako upoe mkononi. Alikuwa amelea watoto wanne kwa unga huo. Wanawake wa kijiji chake, nje kidogo ya mji wa Kibwezi, wote walikuwa wameuiga, huyu akiongeza hiki, yule akipunguza kile, na hakuna hata mmoja aliyethubutu kumwambia usoni kwamba wake umeushinda ule wa Kalekye.

Kwa hiyo Nthenya, mke wa mwanawe Mwau, alipohamia kwake mwanzoni mwa Agosti na mtoto wa miezi sita mgongoni, unga ulikuwa tayari kwenye ndoo yenye kifuniko. Nthenya alikuwa mwalimu. Alikuwa amefundisha Kitui mjini miaka minne, na sasa amepata uhamisho wa kuja shule ya msingi iliyo dakika kumi na tano kwa miguu kutoka nyumbani kwa Kalekye. Mwau aliendesha lori barabara ya Mombasa na alionekana nyumbani kwa nadra. Mpango ulikuwa mzuri kwa kila mtu: shule zikifunguliwa, Nthenya aende kazini, arudi saa saba kunyonyesha, na saa zilizobaki mtoto awe wa nyanya yake.

Mtoto alikuwa wa kiume, wa kwanza, na kama ilivyo desturi ya Wakamba alipewa jina la babu yake, Mutunga, mume wa Kalekye aliyefariki miaka mitano nyuma. Kalekye hakumwita mjukuu. Alimwita mume wangu. "Mume wangu ameamka?" "Mume wangu amenikojolea tena, na bado nampenda." Tangu mazishi alikuwa amekula peke yake, akizungumza na kuku. Mtoto yule alipoletwa, furaha ilimfanya asahau hata kumfunga ng'ombe kamba, na ng'ombe akala mboga za jirani.

Asubuhi ya kwanza Kalekye alipika uji mwepesi, akaupoza, akamkalisha mume wake pajani. Mtoto hakuwa ameonja chochote maishani isipokuwa ziwa la mamake. Alikunja uso, akatema, akaonja tena, akafungua mdomo. Kijiko cha pili, cha tatu. Nthenya alipiga picha kwa simu ili amtumie Mwau.

Katika picha ya nne mdomo wa mtoto ulikuwa umeanza kuvimba. Kufikia hapo mabaka mekundu yalikuwa yamepanda shingoni na kuenea tumboni, na Mutunga alikuwa akijikuna kwa vidole ambavyo bado havikujua kukuna. Akatapika. Nthenya alimnyakua na kukimbia barabarani akiwa na ndara moja. Walifika zahanati kwa bodaboda, Kalekye nyuma yao kwenye ya pili, kijiko kikiwa bado mkononi.

Nesi wa pale, mwanamume mtaratibu aitwaye Kilonzo, alimsikiliza mtoto kifua mbele na nyuma, akampa dawa ya maji kwa bomba lisilo na sindano, kisha akawaweka kwenye benchi la mbele yake ili amwone muda wote. Pumzi ilikuwa sawa, alisema. Hilo ndilo alilotaka kujua kwanza. Mabaka yalipoanza kufifia ndipo alipochukua kalamu.

"Alikula nini?"

"Uji," Kalekye alisema.

"Uji ya nini?"

Kalekye akahesabu kwa vidole. Alipofika kidole cha saba Kilonzo alikuwa ameweka kalamu chini.

"Mama, umeniletea washukiwa saba kwa sufuria moja. Sasa mimi nishike nani?"

Kalekye alitaka kukasirika, kwa maana hajazoea unga wake kuitwa majina ya kituo cha polisi, lakini swali lenyewe lilimkamata. Kweli, unamshika nani?

Kilonzo aliwaeleza polepole. Ilikuwa ni aleji, ile wanayoiita mzio vitabuni. Mwili wa mtoto umekutana na chakula ukakidhania adui. Zamani, alisema, waliwaambia akina mama wangoje, yai baada ya mwaka, njugu baada ya miaka miwili au mitatu. Siku hizi hawasemi hivyo. Mtoto akifika miezi sita hivi, aanze kuonjeshwa vyote, mayai, ngano, samaki, maziwa, njugu zilizosagwa laini kabisa na zisipewe nzima, kwa maana kungoja hakumkingi na huenda kukamzidishia hatari. Ila kimoja kimoja, kidogo, asubuhi, mtoto akiwa mzima, ili mchana wote umwangalie. Akikikubali, uendelee kumpa.

"Kwa hivyo si mapema?" Nthenya aliuliza. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Si mapema. Shida ni vyote pamoja. Mtu hawezi jua ni gani." Akaandika barua. "Kuna daktari wa watoto hospitali kubwa, wanapima kwa ngozi. Tarehe yenu ni wiki ya mwisho kabla shule zifunguliwe. Mpaka hiyo siku asiguse soya, simsim, njugu, omena. Zile zingine mmpe moja moja. Na akipumua kwa shida, ama alegee, msikuje kwangu, mwende hospitali moja kwa moja. Na mkono wa kumlisha uoshwe."

Njiani kurudi Kalekye alitazama mashamba ya pembeni tu. Nthenya alidhani ni aibu. Ilikuwa ni kitu kingine: Kalekye alikuwa anakumbuka vijiti.

Miaka ishirini nyuma afisa wa kilimo alikuja kijijini akitafuta mkulima wa kumjaribia mbegu za ndengu. Wengine walikataa, lakini Kalekye alikubali kwa sababu alitaka kujua. Afisa alimfundisha jambo moja tu: mstari mmoja, mbegu moja, kijiti kimoja chenye jina. Usichanganye, alisema, maana ukichanganya ukavuna vizuri hutajua umshukuru nani, na ukivuna vibaya hutajua umlaumu nani. Misimu sita Kalekye alitembea kati ya mistari ile na daftari, na hakuna kipindi cha maisha yake alichokipenda zaidi. Vijiti bado vilikuwa stoo, vimefungwa kwa kamba ya mkonge.

"Shamba nililipa heshima hiyo," alimwambia Nthenya walipofika. "Mume wangu nikampa kila kitu kwa siku moja."

Jioni hiyo hiyo walichukua daftari la mazoezi na kuligawa mistari. Lakini hata kabla ya kuandika, Kalekye alikuwa na mshukiwa wake.

Mutunga mkubwa hakula samaki. Wazee wengi wa huku hawakula. Kwao samaki alikaa upande mmoja na nyoka. Lakini Mutunga alikuwa na lake la ziada. Alisema samaki anamkwaruza koo, na omena zikipikwa alitoka nje akakaa chini ya paa la zizi. Kalekye alimcheka miaka thelathini. Alimwita mzee wa kizamani mbele ya wageni. Sasa jina lilikuwa limerudi na koo limerudi nalo, na mambo yalikuwa wazi kabisa. Nthenya alikubali. Wanawake wa kanisani walipokuja kumwona mtoto walikubali pia, tena kwa haraka, kwa sababu hadithi ilikuwa tamu. Omena zikatupwa. Kalekye alisugua sufuria kwa majivu mara tatu na kulala akiwa amejiridhisha.

Wiki mbili za kwanza zilikuwa za raha. Malenge, siku tatu, hakuna kitu. Yai lililochemshwa mpaka likawa gumu, likapondwa na maziwa ya mamake, kijiko nusu. Nthenya alikaa anamtazama mtoto bila kupepesa, na mtoto akamtazama yeye, na saa mbili baadaye alichokuwa nacho ni njaa. Mkate uliolowekwa, hakuna kitu. Maziwa lala, yaani mtindi, kidogo, na mtoto akayapaka hadi kwenye nyusi. Kila kilichokubalika Kalekye alichomeka kijiti chake kwenye kopo la mchanga dirishani, na Nthenya, aliyeanza kwa hofu, akajikuta anaamka mapema aone leo ni zamu ya nani. Walicheka sana siku hizo. Kalekye aliwaza kwamba hajawahi kuwa na binti kama huyu.

Zamu ya wimbi ikafika. Wimbi tupu, kutoka gunia lake mwenyewe. Jumanne Kalekye alilipeta, akalipeleka kisiagi cha Nzau sokoni, akarudi na unga wa kahawia safi, akaumimina kwenye ndoo mpya. Jumatano asubuhi akapika. Mutunga alikula vijiko vinne akidai cha tano.

Mabaka yalianzia pembeni mwa mdomo.

Hayakuwa mengi kama ya kwanza, na mdomo haukuvimba sana. Kilonzo alikuwa amewapa dawa ya kuweka nyumbani na walimpa, wakampigia simu, wakampeleka. Kufikia mchana mtoto alikuwa analala vizuri mgongoni kwa mamake. Ila Nthenya hakuwa vizuri.

"Mwaitu," alisema, akitumia neno la Kikamba la mama kama kawaida yake, na sauti ikiwa chini kabisa. "Uliweka omena."

"Sikuweka."

"Hata kidogo? Ya kuonja tu, uone kama ni kweli?"

Kalekye alielewa kwa nini ameulizwa. Kila mtu alijua udadisi wake. "Sikuweka, mwanangu. Sufuria nilisugua. Ndoo ni mpya. Kijiko ni kipya."

"Mimi nafundisha watoto wa darasa la tatu. Kila siku naambiwa si mimi, si mimi." Nthenya alimpanga mtoto vizuri mgongoni. "Sisemi ulitaka kumuumiza. Nasema siwezi kaa darasani nikiwaza anakula nini huku. Nitatafuta chumba mjini na msichana wa kazi. Ni bora."

Kalekye alikaa jikoni akiwa ameumia kuliko alivyoumia kwa muda mrefu. Kuitwa mzee, sawa. Kuitwa mbishi, hata hiyo ni kweli. Lakini mwongo, tena juu ya mtoto yule, hilo lilimkaa kifuani na halikutaka kushuka. Alilia kidogo, akajipangusa kwa leso. Kisha, kwa kuwa ndivyo alivyoumbwa, akaanza kujiuliza. Yeye alijua hakuweka. Kwa hivyo kitu kiliingia bila yeye. Kiliingia wapi?

Alichukua karatasi ya kaki iliyofungia sukari na kuikata vipande vitatu. Kwenye kimoja aliweka unga uliobaki wa vitu saba, akaukandamiza kwa kidole gumba, akaukung'uta. Doa la mafuta likabaki, kama alivyotarajia, maana njugu na simsim zina mafuta. Kwenye cha pili akaweka ule wa wimbi, kutoka juu ya ndoo. Wimbi halina mafuta ya kuacha doa. Akakandamiza, akakung'uta, akainua karatasi dirishani.

Doa lilikuwapo. Dogo, lakini mwanga ulipita.

Akachimba unga wa chini kabisa ndani ya ndoo na kujaribu tena kwenye kipande cha tatu. Hakukuwa na doa.

Akakaa akitazama zile karatasi mpaka chai ikapoa. Unga wa juu una mafuta, wa chini hauna. Lakini ndoo aliijaza kutoka kwenye mfuko, na mfuko ukigeuzwa, kilichokuwa chini kinakuja juu. Kwa hivyo unga wenye mafuta ndio uliotangulia kutoka kwenye mashine. Alisimama ghafla, akavaa viatu, akaenda sokoni bila hata kufunga mlango.

Nzau alikuwa anakaza mkanda wa injini. Nje ya kibanda palikuwa na benchi la wanawake na juu yake ubao alioandika kwa chokaa: LISHE JUMANNE TU. Kalekye aliusoma ubao ule kama anausoma mara ya kwanza, kwa sababu sheria ile ilikuwa yake. Ni yeye aliyemwendea Nzau miaka ile, baada ya mashine kuziba kwa mafuta ya njugu mara kadhaa, akamshauri awakusanye wenye unga wa lishe siku moja, aweke chujio lile laini, aoshe jioni. Nzau alimshukuru mpaka leo. Na kwa mazoea ya miaka yote, Jumanne ilipofika, Kalekye alikuwa ameinua wimbi la mtoto na kuja siku ya njugu.

"Nzau, mashine ikimaliza mtu, inabaki na nini?"

"Inabaki na kidogo. Iko ndani kwa chujio, na hapa." Alipiga kofi soksi, ule mfuko mrefu wa kitambaa mdomoni mwa mashine, na vumbi jeupe likashuka. "Inaenda kwa mwenye anafuata. Na yake inaenda kwa mwingine. Hakuna mtu hupoteza."

"Jumanne nilifuata nani?"

Nzau hakuhitaji kufikiri. "Kaveke. Wake ndio nilimaliza nikaingiza wako."

Kaveke alikuwa jirani, rafiki, na mwigaji wa kwanza wa unga wa vitu saba. Kalekye alimkuta anaanika nguo. Alimwuliza unga wake una nini, na Kaveke akajishuku, akidhani Kalekye amekuja kumkagua.

"Usinichukie," Kaveke alisema. "Nilipunguza. Wa watoto wangu nasaga mahindi, wimbi na njugu. Njugu naweka nyingi. Soya na simsim niliacha zamani."

"Na omena?"

"Omena sijawahi weka hata siku moja. Ile harufu, mzee angehama nyumba. Nilikuwa nakuambia naweka ndio ukae na amani."

Kalekye alisimama pale kati ya mashuka yaliyolowa. Alikuwa amepata alichotafuta na hakukipenda. Unga uliomdhuru mtoto mara ya pili haukuwa na omena, wala soya, wala simsim. Mahindi, wimbi, njugu. Katika hivyo vitatu, Kilonzo alikuwa amemkataza kimoja tu.

Kumbuka sasa Kalekye alikuwa nani. Stoo yake ilikuwa na magunia mawili ya njugu za shamba lake. Mfuko wa aproni yake ulikuwa na njugu za kukaanga tangu ujana, na alizitafuna akilima, akisali, akimbembeleza mtoto. Watoto wa njiani walimjua kwa mfuko ule. Ndiyo maana hakunusa harufu ya njugu kwenye unga wa wimbi wakati kila mtu mwingine angeinusa: kwake harufu ile ilikuwa hewa tu. Kama ni omena, angeitupa na kuendelea na maisha. Kama ni njugu, nyumba nzima ilikuwa na hatia, na yeye mwenyewe wa kwanza. Nthenya akijua, angekuwa na sababu ya kweli ya kuondoka, si tuhuma.

Alifikiria kunyamaza. Ni vizuri isemwe, kwa sababu ilimchukua njia yote kutoka kwa Kaveke mpaka langoni kwake, na si njia fupi. Angeweza kumwambia Nthenya kwamba ni mashine, akaishia hapo. Ila angemtazamaje mume wake?

Nthenya alikuwa chumbani akikunja nguo za mtoto. Kalekye aliweka kitandani zile karatasi mbili za wimbi, akamweleza yote, Jumanne, soksi, Kaveke, na kwamba sheria ya Jumanne ilikuwa yake. Kisha akageuza mfuko wa aproni nje. Njugu tatu na maganda zikaanguka sakafuni.

"Omena nilisema mimi kwa sababu ya jina," alisema. "Nilidhani najua. Naona ni hizi. Sina hakika, daktari atasema. Lakini kama ni hizi, nyumba yangu imejaa. Nilitaka ujue kabla ulipe hicho chumba."

Nthenya aliinua karatasi moja dirishani, halafu ya pili. Kidole chake kikafuata ukingo wa lile doa.

"Hii ungeficha," alisema mwishowe.

"Ningeficha."

"Nilikuita mwongo."

"Uliniita mtoto wa darasa la tatu," Kalekye alisema. "Sijui ni gani mbaya zaidi."

Nthenya alicheka, na kicheko kikageuka kilio katikati, na wakaketi kitandani wote wawili na mtoto akiwa kati yao anakula kamba ya aproni mpaka Kalekye alipoivua haraka na kuitupa nje ya dirisha.

Hospitalini daktari, mwanamke kijana mwenye sauti ya haraka, alipanga matone mgongoni mwa Mutunga na kuchoma kidogo kwenye kila tone. Kalekye alisahau kuogopa. Aliona ni mistari, kila mmoja na mbegu yake, na daktari ameiandika majina kwa kalamu juu ya ngozi. Alikuwa amekuja na wimbi alilolitwanga kwa mkono kwenye kinu kipya, na daktari akakubali kulipima nalo. Walingoja robo saa. Soya, bure. Simsim, bure. Wimbi, bure. Omena, bure. Kwenye njugu palikuwa na uvimbe mweupe, wa ukubwa wa shilingi.

Mtoto asipewe njugu kabisa, daktari alisema. Wengine hukua wakaiacha aleji hiyo nyuma, wengine la, atampima tena mwakani. Akaandika dawa na ishara za hatari kwenye kadi. Vingine vyote vilivyobaki apewe, na asicheleweshwe. Kwa vile alikuwa amedhurika mara mbili, omena ya kwanza aonjeshwe zahanati.

Siku tatu zilizofuata Kalekye alihama nyumba yake bila kuhama. Magunia mawili yalikwenda kwa Kaveke kwa mkokoteni. Stoo ilipigwa deki mara tatu. Mifuko ya aproni zote aliifumua kwa wembe, akashona mahali pake. Nzau alipanda kwenye kiti akaandika ubao mwingine kwa maneno ya Kalekye: JUMATATU ASUBUHI, MASHINE IKIWA IMEOSHWA, UNGA WA MUTUNGA KWANZA. Wanawake wawili walinung'unika. Wengine wanne walikuja kumwuliza pembeni kama na wao wanaweza kupanga foleni hiyo, maana wana watoto wenye vipele ambavyo hawakuwahi kuvielewa.

Kuhusu chumba cha mjini Nthenya hakusema lolote, na Kalekye hakuuliza. Hilo lilimshinda kuliko kuacha njugu. Aliamka kila siku akisikiliza kama nguo zinakunjwa.

Jumamosi, siku mbili kabla ya shule kufunguliwa, walikaa kwenye benchi la Kilonzo wote watatu. Omena zilikuwa zimesagwa laini, ncha ya kijiko, ndani ya kiazi kitamu kilichopondwa. Kilonzo alitazama saa ya ukutani na kutikisa kichwa kwamba waanze.

Nthenya alishika bakuli. Halafu akamgeuza mtoto pajani mwa Kalekye na kumkabidhi kijiko.

"Mpe wewe, Mwaitu. Jumatatu sitakuwa, ni wewe utakuwa unampa."

Kalekye aliosha mikono tena, ingawa alikuwa ameiosha mara mbili, kisha akakipeleka kijiko mdomoni mwa mtoto. Mutunga akaonja. Akakunja uso, uso ule ule wa babu yake akiwa kwenye zizi. Kisha mtoto akafungua mdomo.

Walingoja saa mbili. Kilonzo alimkagua midomo, shingo, tumbo, akaandika kitu na kutabasamu kidogo. Mutunga alikuwa anajaribu kula kadi ya kliniki.

Kalekye alipaswa kufurahi tu, na alifurahi. Lakini ndani yake kulikuwa na mzee mmoja aliyekaa chini ya paa la zizi miaka thelathini, akisema koo linakwaruza, na mkewe akicheka. Huyu mdogo anakula samaki. Basi yule mkubwa alikuwa na nini? Labda kiburi. Labda kweli lilimkwaruza. Kalekye, aliyejua kila mstari wa ndengu ulizaa magunia mangapi, hakujua hilo, na sasa hapakuwa na wa kumwuliza.

Alimfuta mtoto kidevu, akamwinua mpaka macho yao yakalingana.

"Mume wangu," alisema, "safari hii nitakuwa nakuuliza kwanza."